Semina ya Kutokula kwa Watu

Kanuni ya kutokula kwa watu tulifundishwa katika hoteli moja ya Kitale, siku tatu mfululizo, tukila. Asubuhi chai na mandazi, saa nne chai tena na soseji, mchana pilau, samaki na kuku wa kukaanga. Katikati ya sahani mkufunzi alituonya: afisa anayekwenda kukagua nyumba ya mlezi asionje hata maji, maana tonge moja linatosha kupotosha uamuzi. Tuliitikia kwa vichwa. Midomo ilikuwa imejaa.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia watoto jamaa zao. Kuna watoto wanaovuka mpaka kutoka Uganda peke yao, bila mzazi, wakapatikana wakizurura kwenye steji ya matatu Kitale na kuletwa kwenye makao yetu ya muda. Namtafuta shangazi, mjomba, yeyote, nakagua nyumba, naandika ripoti, kamati inaamua. Wakati huo nilikuwa na msichana wa miaka tisa. Mama yake alikuwa amefariki, naye akavuka na mfuko mmoja wa nguo na jina la mama yake mdogo, aliyeolewa Bumula, upande wa Bungoma. Mama mdogo nilimpata. Akipita ukaguzi, mtoto angeenda kwake. Asipopita, angepelekwa kwenye makao makubwa huko Nairobi, akae na wageni watupu mpaka awe mtu mzima.

Nilifika Bumula na beji shingoni na fomu ya kurasa kumi na moja. Mama mdogo aliuza mboga sokoni, lakini siku hiyo hakwenda. Uani manyoya yalikuwa bado hayajafagiwa. Alikuwa amechinja kuku.

"Karibu, madam," alisema, akiniletea maji na beseni. "Nawa mikono."

Sasa, mimi si mgeni huku. Nimezaliwa Webuye. Najua fika kwamba kuku huku hachinjwi kwa sababu ya njaa. Anachinjiwa mtu, na anayemkataa kuku amemkataa mwenye nyumba pamoja na shughuli nzima iliyomleta. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimehudhuria semina.

"Asante, mama, lakini haturuhusiwi kula kwa wateja."

"Mimi si mteja. Mimi ni mama yake mdogo."

Nilimweleza kanuni kwa ile sauti ya upole tunayoitumia maafisa tukitaka kumtukana mtu bila kulaumiwa. Akafunika sufuria. Kuanzia hapo nilipata majibu ya neno mojamoja. Mtoto atalala wapi? Hapo. Atasoma wapi? Karibu. Je, una furaha kumpokea? Alitazama mlangoni. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri, Mungu anisamehe: Mlezi hana hamasa.

Niliporudi Kitale, msichana alikuwa ananingoja langoni. Hakuuliza nyumba ikoje wala nimeamua nini.

"Alipika nini?"

"Kuku."

"Ukakula?"

"Sikula."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi aliyeangukia mtaroni. "Sasa atajuaje ulienda kwa uzuri?"

Mtoto wa miaka tisa, na hakuwahi kukanyaga semina. Niliona haya.

Jumamosi nilirudi Bumula bila beji, na sukari na mkate mkononi. Nilimwambia mama mdogo kwamba nimekuja kuomba msamaha, na kwamba nina njaa. Kwanza alininunia. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ati njaa? Na kuku si iliisha, bana! Watoto wa jirani walikula yako yote."

Alinipikia ugali na mboga za kunde. Nilikula sahani mbili, na alipokuwa ananiongezea ndipo maneno yakafunguka. Alinieleza marehemu dada yake alivyokuwa. Alikuwa ameshazungumza na mwalimu mkuu. Kitanda kilikuwa kwa fundi. Alinionyesha sare ya shule aliyokwisha kuishonesha, kubwa kidogo ili mtoto aikulie. Akawa ananiita dada.

Niliandika ripoti ya pili, na hiyo ilikuwa ya kweli. Mahali pa kueleza kwa nini nimebadili maoni, mimi mjinga nikaeleza: nilikula.

Kamati ilikutana baada ya chakula cha mchana. Haikuchukua muda. Afisa ameshalishwa, walisema, kwa hiyo ripoti yake ya pili haina uzito. Ile ya kwanza, niliyoiandika bila kuelewa kitu, ilikuwa safi, na ndiyo waliyoifuata. Jumatatu msichana aliingizwa kwenye gari la ofisi kwenda Nairobi. Hakulia, na mwenzangu mmoja aliandika kwenye faili kwamba hiyo ni dalili nzuri.

Kumpigia simu mama mdogo kukawa juu yangu. Nilimwambia polepole, na sikuficha: mtoto amepelekwa Nairobi, kamati imekukataa kwa sababu nilikula kwako. Nyuma yake nilisikia watu wa sokoni wakibishana bei. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane.

"Kwani, madam," aliuliza hatimaye, "mboga ilikuwa mbaya?"