Shemeji Anakaza Valvu Tena

Leo shemeji ameniita niende Mbita, kule ziwani, nimsaidie kufungua valvu ya boti.

Nimekuja na helmeti ya pikipiki. Wacha niwaeleze kwa nini.

Mara ya mwisho ilikuwa miaka ya tisini. Valvu ya kuingizia injini maji ilikuwa imeshika kabisa. Boti tuliivuta nchi kavu. Mimi ndani nashikilia na spana, yeye chini anazungusha na renchi ya paipu.

Shida ni kwamba alikuwa anazungusha upande wa kukaza.

Niliona. Lakini huyo ni kaka mkubwa wa mke wangu, na kwetu shemeji kama huyo humwambii amekosea. Nikawa nasema tu, "Jaribu tena, shemeji."

Akajaribu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akachukua nyundo, akaipiga boti yake mwenyewe kama anapiga mwizi. Ubao ukapasuka. Akapanda juu.

"Unaishikilia vibaya makusudi."

Kabla nijibu, ngumi. Meno yangu mawili yakabaki kwenye sakafu ya boti. Nikamshika koo, tukaanguka nje pamoja, tukapigana kwa matope mpaka Atieno, mke wangu, akatumwagia ndoo ya maji ya kuoshea samaki.

"Kaka, ulikuwa unakaza," akasema. Akachukua renchi, akazungusha upande ule mwingine. Ikaachia.

Sasa hivi yuko chini ya boti. Jasho linamtoka. Anakaza.

Wenye mashemeji, nyinyi mngesema nini?

Mimi nimesema, "Jaribu tena, shemeji."

Halafu nimevaa helmeti, nimempigia Atieno simu.