Nilivyompigia Mama Mkwe King'ora

Tangu jirani yetu hapa Kanduyi avunjiwe mlango mchana kweupe, sikuwa na amani. Nikafunga king'ora kikali, na kisije kikaharibu masikio ya watoto, nikamnunulia kila mmoja vifuniko vya kuyaziba. Mimi husaga mahindi kwa mashine yenye kelele, nina vyangu vya kazini.

Jumamosi nikaona mtu amejibanza nyuma ya migomba, uso kaufunika kwa leso. Nikawavalisha watoto vifuniko, nikavaa vyangu, nikabonyeza king'ora. Mke wangu alipunga mikono akisema kitu, nikadhani ananihimiza. Majirani wakaja na marungu.

Nilipovua vifuniko ndipo nikamsikia: "Baba Nekesa, zima! Ni mama. Alikuwa anangoja utoke, si unajua kwa mila zetu hawezi kukutana uso kwa uso na mkwe?"

Leso ilikuwa imeanguka. Tukatazamana.