Shuka ya Chini

Kamene, jirani aliyemfundisha Aoko kushona kwilti, alikuwa na sheria moja: usijifunzie kwa kitambaa unachokipenda. Mkono mgeni huharibu, na afadhali uharibu kitu ambacho hata panya hakitaki. Sheria nzuri sana. Shida ni kwamba katika chumba kimoja cha mabati mtaani Laini Saba, Nairobi, matambara huisha haraka kuliko sukari.

Kwilti ni blanketi la tabaka tatu. Juu ni vipande vya mraba vilivyounganishwa, ambavyo wenyewe huviita bloku. Katikati ni blanketi kuukuu, na chini ni shuka nzima. Kisha cherehani hupita juu ya yote, mstari baada ya mstari, mpaka tabaka zote zishikane. Kazi iko hapo. Aoko alishusha meno ya cherehani chake cha kukanyaga ili yasivute kitambaa, akakiongoza kwa viganja. Miguu ikakimbia, mikono ikasita, mishono ikasongamana kama watu kwenye mfereji siku maji yamerudi.

"Polepole," Kamene alimwambia kutoka mlangoni. "Geuza kona sindano ikiwa chini. Ukiinua mapema, imekula kwako."

Aoko alicheka, akafumua, akaanza upya. Kushona kulimsaidia kupitisha zile saa za jioni ambazo Oluoch, mume wake, angekuwa anarudi kutoka kazini. Oluoch alikuwa fundi wa rangi. Mageti mengi ya mtaa wa Ayany aliyapaka yeye, na ukimsikiliza mwenyewe ungedhani ni yote. Sasa alikuwa amelala kwao Ugenya, chini ya udongo ambao haukuwa umekauka vizuri, na nguo zake zilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda.

Nguo hizo hazikuwa za mjane. Kwa akina Oluoch, mtu akifa, siku ikifika ukoo hukaa chini na kugawana nguo zake: huyu shati, yule koti. Mpaka hilo lifanyike, msiba haujaisha. Lazarus, shemeji yake anayekaa Kabiro, kule Kawangware, alikuwa amemwambia siku ile ile ya mazishi kwamba mfuko usiguswe.

Basi Aoko hakuugusa. Aliufungua tu. Nani aliwahi kukataza mtu kunusa? Ndani mlikuwa na harufu ya tapentaini na harufu ya mtu wake. Juu kabisa lilikuwa shati la kazi lililopasuka kwapani. Nani angelitaka hilo? Alikata kipande kimoja, cha mazoezi tu. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Baada ya shati la kazi ikaja suruali yenye matone ya rangi, kisha nguo nyingine zote, na mwisho, Mungu amsamehe, likaja shati la Jumapili.

Ajabu ni kwamba kwenye nguo za Oluoch mkono ulitulia. Hakuharakisha. Mistari ikanyooka, pembe zikakaa sawa. Aliizungushia kila bloku mshono wake, na katikati akaweka ile yenye mfuko wa shati, ambao ulikuwa bado na alama ya kidole gumba ya rangi ya kijani. Nao mfuko akauzungushia mshono. Alimpenda mume wake, na alikuwa amechoka kusikia kwamba kila kilichobaki chake ni cha watu wengine.

Kamene alipoiona, aliacha kutabasamu.

"Aoko, hizi si nguo za mzee wako?"

"Ni zangu."

"Zako aje? Hao watu wakikuja utawaambia nini?"

"Nitasema ni panya."

"Panya wa kushona?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha kicheko kikakatika, na Aoko akabaki na hofu yake.

Lazarus alipiga simu. Jumamosi angekuja na mama yao, ambaye alikuwa amesafiri hadi Nairobi kwa ajili hiyo tu. Aoko aliwaza kuificha kwilti kwa Kamene. Mwishowe aliikunja akairudisha kwenye mfuko ule ule, kwa kuwa kuiba alikuwa ameshaiba, kudanganya kukamshinda.

Lazarus aliunyanyua mfuko kabla hata ya kumaliza chai. "Mbona mwepesi hivi?" Akachomoa kwilti, akaifunua, na uso ukambadilika. "Umekata nguo za brathe yangu? We ni mtu wa aina gani?"

Mama mkwe hakupaza sauti. Aliivuta kwilti magotini, akaipapasa bloku moja moja.

"Shati hili alivaa siku aliyokuleta kwangu," alisema. Kisha akamwita kwa jina la kwao, binti wa Asembo, kama anavyoitwa mke aliyeolewa kutoka huko. "Nyar Asembo, umeshona vizuri. Lakini kitu hiki hakigawanyiki."

"Mama, naomba nibaki nacho."

"Nikirudi mikono mitupu, watasema umeifunga roho yake humu ndani. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, ni wewe. Mimi nitakutetea, lakini mimi ni mzee." Akaweka kwilti mbele ya cherehani. "Fumua."

Lazarus alitoka nje. Aoko alichukua wembe na kuanza. Mishono ya siku za mwanzo ilifunguka yenyewe, ilivyokuwa legevu. Ile ya mwisho, midogo na iliyolingana, ilikataa. Ilibidi aikate mmoja mmoja, akilia, huku akilaani mkono wake kwa kujua kazi. Mama mkwe aliokota nyuzi sakafuni wala hakumharakisha. Bloku zikapangwa juu ya kitanda: hii ya Lazarus, ile ya mdogo wake, zile za ami zake.

Ilipobaki yenye mfuko wa shati, Aoko aliishika kwa mikono miwili.

"Hii moja tu, Mama."

Mama mkwe aliitazama ile alama ya kidole.

"Hii ni yangu," alisema. "Mimi nilimzaa."

Aoko akaiachilia.

Lazarus alirudi, akakusanya blanketi na ile shuka ya chini ya buluu avitie mfukoni, lakini mama yake akamshika mkono. "Hivyo mwachie. Alivinunua mwenyewe." Wakaaga, wakaondoka.

Aoko aliitundika shuka dirishani ili asionekane na wapita njia akilia. Jua la alasiri lilikuwa limegonga upande ule. Ndipo alipoona kwamba sindano, kila ilipopita juu, ilikuwa imetoboa na chini. Mwanga uliingia tundu kwa tundu: miraba yote, pembe zake zote, na katikati mstari uliozunguka mfuko wa shati. Alikaa akautazama mpaka jua likaondoka.

Kamene alipokuja aliichunguza kwa jicho la ufundi. "Ifue," alisema. "Ikilowa, hivyo vitundu vinafungika, shuka inakuwa kama mpya."

Aoko hajaifua mpaka leo.