Banda la Kuku la Clifford

Clifford Odhiambo ni fundi wa mawe mjini Rongo. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakujibu bila kusita: Kosele, kwenye makao ya watoto, nyumba ya kwanza ukiingia geti. Akianza kusimulia ilivyojengwa, mimi Benta huniacha nje kabisa, na hilo huniudhi, maana nilikuwepo na tope la nyumba hiyo nililikanyaga kwa miguu yangu.

Alifika makao akiwa na miaka mitatu hivi. Mama mmoja muuza dagaa wa omena alimkuta jioni amelala katikati ya magunia yake, akazunguka naye soko zima, hakuna aliyemdai. Makao wakamwita Odhiambo, jina la Kijaluo la mtoto wa jioni. Wengi wetu tulikuwa yatima wenye shangazi mahali fulani. Clifford hakuwa hata na shangazi wa kumkataa.

Hayo hayakumsumbua hadi kidato cha nne. Kanuni ya makao ni kwamba ukimaliza shule unapewa godoro, sanduku na Biblia, kisha unarudishwa kwa jamaa zako. Yeye angerudishwa wapi? Na kwetu Wajaluo kijana akikua hujenga simba, yaani nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba yake, karibu na geti. Baba ndiye huonyesha mahali na kupiga jembe la kwanza. Asiye na simba hana kwao, hata akifa watu huulizana azikwe wapi. Clifford akaanza kubakisha ugali kwenye sahani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Meneja wetu alikuwa Mchungaji Mniko, Mkuria mwenye moyo mwema, sauti ya fahali na ugonjwa mmoja tu: hawezi kumvumilia mtu anayelima vibaya. Sote tulimwita Baba, kama unavyomwita kila askari afande. Clifford akamwomba ruhusa ya kujenga banda la kuku, akapewa siku hiyohiyo. Mchungaji anapenda mayai.

Jumamosi asubuhi nilitumwa kumwita Baba aje atuonyeshe mahali. Akanyoosha kidole: hapo karibu na geti. Clifford akachomeka vigingi, akaanza kuchimba kwa ubaya wa makusudi. Jembe lilikwenda kushoto, udongo ukaenda kwenye viatu vya mchungaji.

"Wewe! Unashika jembe kama kijiko ya chai!"

"Ni hivi, Baba?"

"Hapana! Leta hapa! Watoto wa siku hizi, aki!"

Akavua koti, akachimba shimo la kwanza, safi, la kufika goti. Mimi nilikuwa nimeuma leso nisicheke. Ndipo Mama Roseline, mpishi wetu, akatoka jikoni na mwiko mkononi akipiga vigelegele.

"Yawa! Pastor, umepatia kijana simba!"

"Simba gani? Hii ni shimo ya banda ya kuku!"

"Kuku gani inapimiwa nafasi ya kitanda?"

Mniko akatazama vigingi, akamtazama Clifford, uso ukamwiva. Akanguruma kwamba hii ni nyumba ya Kikristo, kanuni ni kanuni, na bodi itasema nini. Mama Roseline alimwacha amalize.

"Basi fukia. Lakini kwetu baba hafukii shimo ya kijana wake. Inaleta chira."

"Mimi siamini mambo ya laana!"

"Si ufukie basi."

Akashika jembe, akavuta udongo kidogo ukingoni. Tulikuwa tumepanga kwamba hapo Clifford apige magoti kwa mzaha na kuimba pambio. Magoti alipiga, lakini badala ya kuimba akaanza kuomba.

"Tafadhali, Baba, usifukie. Kila mtu ako na mahali ya kurudi. Hata Benta ako na shangazi. Mimi nikitoka hiyo geti, nani atajua niliwahi kuwa hapa?"

Sikupenda kutajwa, maana shangazi yangu ni balaa tupu. Lakini nililia, tena kwa sauti. Mchungaji Mniko alisimama hapo mpaka ugali wa Mama Roseline ukaanza kunuka moto jikoni. Kisha akamtupia Clifford jembe.

"Shimo ya pili chimba mwenyewe. Na ukiharibu, nitakuchapa kama baba yako."

Nyumba ilisimama kabla ya mtihani, ya udongo na bati, na mlango wa kuinamia kidogo. Katika vitabu vya makao bado ni banda la kuku, kwa sababu bodi haijaulizwa na Mniko hana haraka ya kuiuliza. Clifford alikwenda Rongo na godoro lake, na kila Desemba hurudi kukandika kuta.

Mwaka jana nilikuwa nimekwenda kusalimia alipokuja mkaguzi na fomu yake. Akakagua bweni, akakagua jiko, akafika kwenye banda na kufungua mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, neti na shati la bluu kwenye msumari.

"Mchungaji, hapa wameandika kuku. Ziko wapi?"

"Iko moja tu," Mniko akasema. "Iko Rongo kazini. Krismasi itarudi nyumbani."

Mkaguzi, naye Mjaluo, akalitazama shati, akatazama geti lilivyo karibu. Kisha akaandika: kuku, mmoja.