Bomba la Hewa la Baba

Mwezi uliopita nilirudi Kianjokoma kumwona ndugu yangu, na kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka sokoni alinikasirisha kabla hatujafika hata mtoni. Pikipiki yake ilikuwa inakohoa kama mgonjwa wa kifua. Nikamwuliza filta ya hewa aliisafisha lini. Akacheka kama mjukuu anayemtania bibi yake.

"Shosho, hiyo ilikuwa inaziba ziba, nikaitoa nikatupa. Sasa inapumua poa."

Nilimwambia asimame. Nikashuka, nikamalizia njia kwa miguu yangu hii mibovu, nikinung'unika peke yangu. Utasema ni uzee. Lakini huwezi kunielewa mpaka nikueleze habari za baba yangu, na jinsi filta ya hewa nusura imfikishe kwenye kitanzi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wapiganaji wa msituni walipokuwa wakipigana na serikali ya Wazungu. Sisi tuliita Emajensi tu. Tulikuwa tumehamishwa mashambani kwetu tukarundikwa katika kijiji kimoja, nyumba za nyasi zimebanana, ukikohoa jirani anakuambia pole. Mama na wanawake wenzake waliamshwa kwa filimbi kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, ili watu wa msituni wasipate njia ya kuja kuchukua chakula. Alirudi jioni mikono imechubuka, udongo mwekundu mpaka kwenye kope, na bado kulikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na githeri ya mahindi na maharagwe ya kuinjika kabla ya kafyu, saa ambayo hakuna aliyeruhusiwa nje.

Baba alikuwa mchanjaji wa ng'ombe wa serikali. Kwa sababu ya kazi hiyo alikuwa na pasi ya kutembea, na alikuwa na pikipiki, chuma kikuukuu cha Kiingereza alichonunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Aliipenda kuliko ilivyostahili. Alishuka nayo mpaka Mbeere, kule kwenye jua na vumbi jembamba kama unga, na kila aliporudi kitu cha kwanza hakikuwa kutusalimia. Alipiga magoti, akafungua filta iliyokaa mbele ya kabureta inayochanganya hewa na petroli, akautoa ule wavu wa waya, akasema kwa uchungu, "Tazama! Tazama vile imekula vumbi!"

Basi tulitazama. Tungefanya nini?

Wavu ulioshwa kwa petroli, ukakung'utwa, ukachovywa kwenye oili safi, ukaachwa udondoke mpaka asubuhi. Alieleza kila mara, hata kama hakuna aliyeuliza, kwamba oili ndiyo inayokamata vumbi, kwamba wavu mkavu ni sawa na hakuna, kwamba vumbi likipita linasaga pistoni kama jiwe la kusagia wimbi. Maneno hayo tuliyajua kama sala. Ubaya ni kwamba alioshea kwenye sufuria. Sufuria ya mama. Nyumba nzima tulikula nduma zenye harufu ya petroli, na cucu, mama yake baba, alikuwa wa pekee aliyezitafuna bila kulalamika. "Mwacheni mtoto wangu," alisema.

Kiangazi kimoja vumbi la Mbeere lilizidi, na baba akaamua wale walioitengeneza pikipiki hawakujua Mbeere. Akatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunga juu ya filta, akauwekea kitambaa ndani ili hewa ichujwe mara mbili. Kitambaa kilikuwa kile cha mama cha kuchujia uji. Injini ikakivuta, kikanyonywa mpaka kwenye mdomo wa kabureta, pikipiki ikazima mbali kabisa na nyumbani, naye akaisukuma kupanda milima yote hiyo. Alifika kafyu ikikaribia, jasho linamtoka, na neno lake la kwanza kwa mama lilikuwa, "Kitambaa chako ni chepesi sana."

Mama aliuchukua uji ambao haukuchujwa, akauweka mbele yake, makapi na yote.

Halafu likaja bomba. Baba alisema shida ni kwamba filta inavuta hewa chini, pale gurudumu linaporusha vumbi. Hewa safi iko juu. Akapata kipande cha bomba la maji, urefu wa mkono wa mtu mzima, akakifunga kwa klipu kwenye mkebe, kikapanda kando ya tangi mpaka karibu na usukani. Kusema kweli kilifanya kazi. Wavu ulianza kurudi karibu safi, na baba akatembea kijijini kama aliyeoa mke wa pili.

Lakini mama aliona kitu ambacho yeye hakukiona.

"Baba ya watoto," alimwambia, "siku hizi watu wa msituni wanatengeneza bunduki kwa bomba kama hilo. Litoe."

"Hili ni la hewa."

"Homugadi atajua ni la hewa?"

"Mtu yeyote mwenye macho atajua."

Walibishana hivyo jioni nyingi, sauti chini, kwa sababu kuta zilikuwa na masikio. Mama alichoka, akaacha.

Homugadi, wale Waafrika wenzetu waliotulinda kwa niaba ya serikali, walikuja kupekua alfajiri. Usiku huo baba alikuwa amelifungua bomba kulisafisha, na lilikuwa limelazwa ndani ya nyumba juu ya gunia, likidondosha oili, linang'aa. Peke yake, bila pikipiki. Hata mimi niliona bunduki. Homugadi wa mbele alipiga kelele, wakamwangusha baba chini, wakampiga kitako cha bunduki usoni. Alijaribu kueleza habari za vumbi la Mbeere. Wakamburuta mpaka kwenye kituo chao, bomba nyuma yake likibebwa na watu wawili kama maiti.

Kukutwa na bunduki wakati ule ilikuwa kunyongwa. Cucu alikaa chini akaanza kulia kilio cha matanga.

Mama hakulia. Alisimama mlangoni akitazama ile pikipiki, akasema, "Nilimwambia." Kisha akaishika usukani, akaanza kuisukuma. Nilimfuata, nikasukuma kwa nyuma. Njia nzima aliongea na pikipiki kana kwamba ndiyo baba. "Nilikuambia litoe. Nilisema. Lakini mimi ni nani?"

Kituoni alikuwepo Mzungu kijana, mkuu wao, na mkalimani. Bomba lilikuwa mezani. Mama aliingia akalichukua kabla mtu hajamzuia. Bunduki zikainuliwa. Yeye akageuka, akatoka nalo, akainama akalifunga kwenye mkebe kwa mikono ile ya handaki, akiongea Kiembu haraka haraka.

"Anasema hii si bunduki," mkalimani alisema. "Anasema hii ni pua."

Mama akapiga stata kwa mguu. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ndipo sauti ya baba ikatoka ndani ya selo alimofungiwa:

"Choki! Vuta choki kwanza!"

"Nyamaza!" mama alipaza sauti.

Akavuta choki, kile kidude cha kuamshia injini baridi, akapiga, na injini ikawaka. Akamwonyesha Mzungu kwa ishara aweke kiganja juu ya mdomo wa bomba. Yule kijana akasita, akaweka. Bomba likamvuta mkono, injini ikakohoa ikazima. Akautazama mkono wake uliojaa oili, kisha akamtazama mama, na nikaona aibu kidogo usoni mwake.

Baba alifunguliwa, jicho limefumba kwa uvimbe. Bomba walilipondaponda kwa jiwe, wakasema lisionekane tena. Baba akaizunguka pikipiki, akainama, na katika dunia nzima maneno aliyoyapata kumwambia mama yalikuwa, "Hii klipu umeifunga kinyume."

Mama alisukuma pikipiki mpaka nyumbani bila kumruhusu aiguse. Hakumsemesha mpaka mvua zilipoanza.

Bila bomba, vumbi lilimaliza pistoni mwaka uliofuata, na pikipiki ikauzwa vipande vipande kwa mfanyabiashara wa Kianjai. Tuliporudishiwa mashamba kijiji kilivunjwa. Nimepatafuta pale, ni majani ya chai matupu. Handaki limejaa udongo, ng'ombe wanalisha juu yake, na wa kubishana naye kuhusu mahali kituo kilipokuwa sina.

Mama alipozeeka nilimwuliza kama hakuogopa siku ile. Akafikiri sana.

"Kule kituoni nilikuwa nimeudhika mno," alisema. "Woga ulinipata nyumbani. Nilikuwa napepeta maharagwe, yeye amelala pale ndani na jicho lake, nikajikuta nayamwaga nje ya ungo. Nikaweka ungo chini. Nikamwambia cucu wenu apike yeye."