Dawa Iliyokwama Busisi

Idarani kwetu hakuna mtu anayesimama mbele ya wageni kabla sisi wenyewe hatujamchambua. Kila Alhamisi mchana tunajifungia kwenye chumba cha semina, mwanafunzi anawasha projekta, anawasilisha utafiti wake, nasi tunamuuliza maswali bila huruma. Sheria ni moja, hakuna kusifia. Mwenye sifa zake asubiri tukienda kunywa chai. Mimi hukaa kiti cha mbele, upande wa dirisha linalotazama ziwa, na sifichi kwamba napenda kuuliza. Wanafunzi wananiita mama wa maswali, wakidhani sijui.

Alhamisi hiyo aliyesimama alikuwa binti ninayemsimamia shahada ya uzamili. Alikuwa amechukua bakteria tuliowahifadhi kwenye friza, waliotoka kwa wagonjwa wa miaka ya nyuma, akasoma vinasaba vyao ili ajue kwa nini dawa haziwaui. Alizungumza vizuri, bila kukimbia. Alipofika katikati akaweka slaidi mpya, akatabasamu.

"Hapa tulibahatika," akasema. "Tulipata bakteria mzuri sana."

Ndivyo tunavyosema sisi. Bakteria mzuri ni yule asiyesikia dawa yoyote. Aliyekuwa anaumwa hatajwi, na ni sawa asitajwe, kwa kuwa ni siri yake. Lakini juu ya slaidi kulikuwa na namba, na namba hiyo niliiandika mimi kwenye kichupa, kwa mkono wangu. Ilikuwa damu ya mama yangu.

Mama alilazwa kwa kidonda cha mguu, maambukizi yakaingia kwenye damu. Nikaomba nimpime mwenyewe. Kila dawa tuliyoijaribu maabara, bakteria waliota juu yake kama hawajaguswa. Ikabaki moja, dawa ya mwisho, ambayo hatukuweza kuipima kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vimeisha. Daktari akasema tumpe hivyo hivyo, tumwombe Mungu. Mwanza nzima haikuwepo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, fundi ujenzi, akapiga simu huku na huku mpaka akaambiwa iko Geita. Akaondoka asubuhi.

Dawa aliipata. Wakati wa kurudi, kivuko kikaharibika Busisi. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado halijafunguliwa, na magari yalipanga foleni mpaka juu barabarani. Alivuka kuja Kigongo kesho yake, akafika hospitali amekumbatia kiboksi cha barafu. Mama alikuwa amefariki alfajiri.

Msibani, nyumbani kwetu jirani na Bujora, mjomba alisema mbele ya watu wote kwamba dawa ilinunuliwa, tatizo ni aliyetumwa. Mtu mwingine akaongeza kwamba alionekana njiani, Sengerema, amekaa mgahawani. Nilimtetea, ila sikuwa na cha kumtetea nacho zaidi ya mdomo. Tangu hapo akawa ndiye aliyechelewesha dawa. Krismasi haji, harusi haji. Amehamia Buswelu, anajenga nyumba za watu.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekaa kiti cha mbele, na wenzangu wananitazama wakisubiri swali. Nikauliza. Nilitaka kujua kama mgonjwa huyo angepona iwapo angepewa ile dawa ya mwisho mapema.

"Hapana, madamu," binti akajibu. "Bakteria huyu ana jeni inayoikatakata dawa hiyo kabla haijafanya chochote. Hata ungemtundikia maji ya chumvi peke yake, ingekuwa yale yale."

Watu wakacheka. Lilikuwa jibu zuri. Nikamuuliza ana uhakika kiasi gani, akaonyesha kwamba alirudia kipimo na kila mara alipata kitu kile kile. Nikamwambia aendelee.

Jumamosi nikaenda Buswelu. Njia nzima nilikuwa na furaha, sijui niiite nini kingine. Nilijiona namletea mdogo wangu kitu alichokuwa amenyang'anywa. Nilimkuta kwenye nyumba iliyofika usawa wa madirisha. Akashuka, akanawa mikono kwenye pipa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Tukakaa juu ya matofali. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, taratibu, bila maneno makubwa. Nilimweleza kwamba wale wadudu walikuwa na mkasi wao, na dawa yoyote ikiingia wanaikata. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo hata ningewahi?" akauliza mwishowe.

"Hata ungewahi. Hata dawa ingekuwa mkononi mwa daktari siku ile ya kwanza."

Nikasubiri ashushe pumzi. Nikamwambia, "Leo hii naenda kwa mjomba, nitamweleza kama nilivyokueleza wewe, na atakuja mwenyewe kukuomba msamaha." Akatikisa kichwa.

"Mjomba wa nini sasa, dada."

Akaokota kipande cha tofali, akakigeuza geuza mkononi. Nilimwona uso unabadilika, na si kwa namna niliyoitarajia.

"Mimi niliondoka asubuhi hata hajaamka," akasema. "Sikumuaga. Nilisema nitamkuta. Kumbe ningekaa naye tu."

Nilitaka nimwambie kwamba hakuna aliyejua, lakini hilo alikuwa analijua.

"Aliniulizia?"

Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda usiku ule, na kabla ya hapo hakuwahi kuniuliza. Ningeweza kusema mama alikuwa hajitambui. Wagonjwa wengi wa namna ile huwa hawajitambui, naye angeniamini.

"Alikuulizia," nikamwambia. "Nikamwambia umekwenda kumtafutia dawa. Akasema basi atakusubiri."