Sanduku la Asajile

Nta ya nyuki iliyoyeyushwa, maranda ya mninga na ngozi ya ng'ombe: ndivyo ilivyonukia nyumba yetu kule Ibaba, milimani, nilipokuwa msichana mdogo, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa fundi wa masanduku ya safari. Ufundi aliuokota kwa kukarabati masanduku ya Wazungu yaliyoletwa vichwani mwa wapagazi; aliyafungua na kuyafunga mpaka akazijua siri zake. Mbao alizishikanisha kwa meno yanayoumana, bila msumari hata mmoja, kona akazivika shaba, ndani akatandika kitambaa. Ila alikuwa na lake: kabla ya kukata ubao alipima bega la mwenye sanduku. Alisema sanduku ni la kurudi nalo begani mpaka mlangoni kwenu.

Kaka yangu Asajile alipokwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, Baba alimtengenezea zuri kuliko yote aliyowahi kuuza. Mama alipapasa kifuniko, akasema, "Mwanangu, ulirudishe." Tukangoja, masika baada ya masika.

Siku moja mchuuzi wa chumvi alipita akatuambia, "Sanduku la Asajile limeshafika Tunduma, linakuja." Basi. Kwetu jeneza nalo tuliliita sanduku. Mama alianguka pale pale jikoni. Wanawake wakajifunga vitambaa viunoni, wanaume wakachimba kaburi nyuma ya migomba, nami nikalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake jamaa mmoja aliyetoka migodini akalipandisha mlimani: lile lile la mninga, ndani mna zawadi alizotutumia: blanketi, vitambaa vya Mama na koti la Baba. Kumbe Asajile mzima! Vilio viligeuka vigelegele. Baba peke yake hakucheka. Alimuuliza yule jamaa, "Na mwenyewe?"

Jamaa akatazama chini. "Mzee, ameoa kule. Amesema msimngoje."

Wazee walisema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wakalaza humo gogo la mgomba, wakafukia. Mama alisimama pembeni akilia upya, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Baba hakutengeneza sanduku jingine tena; akabaki kuchonga vigoda na miiko. Nilimchukia kaka yangu, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe.

Siku hizi nikishuka Tunduma naona vijana wakivuka mpaka na mabegi ya magurudumu ambayo hayakupimwa kwa bega la mtu, na jioni wanapiga simu nyumbani. Nawaonea wivu mama zao. Sanduku liko chumbani kwangu. Nikiinua kifuniko, nta bado inanukia. Miaka mingi baada ya kaburi lile, habari za kifo cha Asajile zilipotufikia, safari hii za kweli, Mama alikuwa ajuza, ameketi uani anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Huyo tulishamzika," alisema, akaendelea kuchambua. Nilipoutazama ungo wake, mazima na mabovu alikuwa ameyachanganya yote.